Kanuni ya 10/50: mita kumi zilikuwa sawa, ramani ndiyo iliyokosewa

Tarehe 1 Agosti 2014, wenye nyumba wa jimbo la New South Wales, Australia, walipewa haki ambayo jana yake hawakuwa nayo. Kama nyumba yako iko ndani ya eneo lililochorwa kwenye ramani ya hatari ya moto, mti wowote uliosimama ndani ya mita 10 kutoka ukutani unaweza kuukata. Hakuna fomu, hakuna ada, hakuna mkaguzi wa halmashauri, hakuna hata barua ya kumjulisha mtu. Vichaka na mimea midogo unaweza kufyeka hadi mita 50. Ndiyo maana ikaitwa kanuni ya 10/50.

Miezi minne haikutimia kabla serikali iliyoitunga haijaanza kuipunguza. Kilichotokea katikati ndicho kisa chenyewe, na wengi wanaokisimulia hulaumu zile mita 10. Mimi nadhani mita 10 zilikuwa sawa kabisa. Makosa yalikuwa mawili, na yote mawili yako nje ya duara hilo.

Kwanza hali ilivyokuwa kabla. Kukata mti mkubwa kwenye kiwanja chako mwenyewe katika vitongoji vya Sydney kulikuwa na mlolongo wake. Halmashauri zina amri za kulinda miti: unaomba, unalipa, anakuja mtu kuukagua, na jibu linaweza kuwa hapana, au ndiyo yenye sharti la kupanda mwingine. Juu ya amri hizo kulikuwa na sheria za jimbo za uoto wa asili na za viumbe walio hatarini kutoweka. 10/50 ilivivuka vyote kwa mpigo mmoja. Kilichobaki juu yake ni sheria ya mazingira ya serikali ya shirikisho ya mwaka 1999, ambayo jimbo halina mamlaka ya kuiondoa.

Moto uliozaa kanuni

Tarehe 17 Oktoba 2013, siku ya joto na upepo mkali, mti uliangukia nyaya za umeme katika barabara ya Linksview, mji mdogo wa Springwood, kwenye Blue Mountains magharibi mwa Sydney. Moto ukaingia Winmalee na Yellow Rock. Ukiitazama ramani ya vitongoji hivi utaelewa haraka kwa nini hali ilikuwa mbaya. Barabara zinapita juu ya migongo ya milima, nyumba zimejipanga kandokando ya barabara, na nyuma ya uzio ardhi inashuka moja kwa moja kwenye bonde la mikaratusi. Moto hupanda kilima kwa kasi kuliko unavyoshuka; hesabu wanayofundishwa wazimamoto wa Australia ni kwamba kila nyuzi 10 za mteremko huongeza kasi yake mara mbili. Karibu nyumba 200 ziliteketea katika vitongoji hivyo. Waziri Mkuu wa jimbo wakati huo, Barry O'Farrell, akatangaza hali ya dharura.

Msomaji wa Afrika Mashariki anaujua mkaratusi kwa nguzo za umeme, kuni na mbao. Kwa Waaustralia ndio msitu wenyewe. Majani yana mafuta, na baadhi ya aina huambua magome marefu yanayoning'inia shinani hadi matawini. Gome hilo likishika moto, upepo hulichana na kulirusha mbele, likatue kwenye majani makavu yaliyojaa katika mfereji wa paa la mtu ambaye bado hajauona moto. Katika moto wa jimbo jirani la Victoria wa tarehe 7 Februari 2009, cheche za namna hiyo ziliwasha mioto mipya zaidi ya kilomita 30 kutoka ulikokuwa moto mkuu. Siku hiyo watu 173 walipoteza maisha na zaidi ya nyumba 2,000 ziliungua.

Victoria ndiko wazo lilikotoka. Mwaka huohuo wa 2009 jimbo hilo lilitoa kanuni ya 10/30: kata chochote ndani ya mita 10, fyeka kisicho mti ndani ya mita 30. Nyuma yake kulikuwa na simulizi iliyozunguka nchi nzima, ya mtu aliyewahi kutozwa faini kubwa kwa kukata miti kuizunguka nyumba yake bila kibali, kisha moto wa 2009 ulipopita nyumba yake ikabaki imesimama. Mwanasiasa yeyote aliyepewa kisa kama hicho hahitaji mshauri. New South Wales ilipounguliwa miaka minne baadaye, ilichukua kanuni ya jirani na kuinyoosha: 30 ikawa 50.

Sheria ya Moto Vijijini ya mwaka 1997 ikarekebishwa mwaka 2014, na kuandika kanuni yenyewe kukaachwa mikononi mwa Rural Fire Service, idara ya zimamoto ya vijijini inayojulikana kama RFS, chini ya kamishna wake Shane Fitzsimmons. Idara hii ina takribani watu 70,000 wa kujitolea. Hilo lina uzito katika kisa hiki, kwa sababu walioandika kanuni ndio wanaolazimika kumwambia mkulima au mwalimu wa shule aliyevaa koti la njano asimame kati ya moto na nyumba ya mtu. Kwa jicho lao, nyumba yenye matawi juu ya paa ni nyumba ambayo pengine gari la zimamoto litaipita bila kusimama. Wanachagua inayoweza kuokolewa.

Sayansi ilisema nini

Mwaka 2012, watafiti wakiongozwa na Philip Gibbons wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia walichapisha uchunguzi wa nyumba 499 zilizokuwa katika njia ya mioto ya 2009, zilizoungua na zilizopona. Walilinganisha kuondoa miti na vichaka karibu na nyumba, kuchoma msitu kwa mpango kabla ya msimu wa moto, na mbinu nyingine. Miti na vichaka vilivyokuwa ndani ya mita 40 kutoka kwenye nyumba ndivyo vilivyokuwa na uhusiano mkubwa zaidi na kuungua kwake. Kuchoma msitu kwa mpango nako kulisaidia, lakini kwa nguvu zaidi pale kulipofanyika karibu na makazi.

Kwa hiyo mwenye kanuni ya 10/50 mkononi hakuwa mjinga. Mti ukiwaka mita tano kutoka dirishani, kioo hupasuka kwa joto la mnunurisho kabla mwali haujagusa nyumba. Ukiondoa mti huo, joto hilo halipo. Tawi linaloning'inia juu ya paa hudondosha majani, majani hujaa kwenye mfereji, cheche moja inatosha. Hoja ya mita 10 inasimama kwa miguu yake yenyewe, na namna ilivyopimwa ilikuwa ya kueleweka: unaanzia ukuta wa nje wa jengo lenye vyumba vya kuishi, au wa shule, hospitali na majengo mengine ya watu walio katika hatari zaidi. Mti ukafafanuliwa kuwa mmea wenye shina la mzunguko wa zaidi ya sentimita 30, ukipimwa urefu wa mita 1.3 kutoka ardhini. Mtu mwenye futi ya fundi cherehani angeweza kujipimia.

Sasa kosa la kwanza. Nani aruhusiwe kuitumia? RFS ilichora eneo la haki hiyo kuwa mita 350 kutoka ukingo wa msitu wenye hatari kubwa. Kwa uoto wa hatari ndogo zaidi iliwekwa mita 150.

Kuna utafiti mwingine unaojulikana sana Australia, wa Chen na McAneney wa mwaka 2004, uliotazama umbali wa nyumba zilizoungua kutoka msituni. Karibu asilimia 85 zilikuwa ndani ya mita 100. Zilizobaki zilitawanyika mbali zaidi, hadi karibu mita 700. Mfano ni kitongoji cha Duffy huko Canberra, ambako Januari 2003 moto uliotoka kwenye shamba la misonobari uliingia mitaa kadhaa ndani. Mtu akitazama mkia huo wa takwimu anaweza kusema: basi tuweke mita 350, tuwe salama. Lakini nyumba iliyo mita 300 kutoka msituni haiunguzwi na ukuta wa moto wa msitu. Huunguzwa na cheche zinazoingia chini ya vigae, na nyumba ya jirani inapowaka. Mti mmoja uliosimama peke yake kwenye nyasi zilizokatwa, umbali huo, mchango wake ni mdogo sana. Miongozo ya zimamoto yenyewe hukubali kwamba mti uliotunzwa vizuri unaweza kupunguza nguvu ya upepo na kunasa cheche kabla hazijafika nyumbani. Takwimu ya nyumba zinakoungulia ikageuzwa kuwa takwimu ya miti inakoleta hatari. Vitu viwili tofauti.

Na Sydney si mji ulio mbali na msitu. Mabonde yake yameachwa kuwa hifadhi, kama Lane Cove, Garigal na Ku-ring-gai Chase, na mabonde hayo yanaingia katikati ya vitongoji. Chora mstari wa mita 350 kuzunguka kila ulimi wa msitu na utakuwa umefunika mitaa mizima ambayo watu wake hawajawahi kuona mwali wa msituni. Mitaa hiyo ni baadhi ya ile ambayo ardhi yake ni ghali kuliko karibu kote nchini.

Misumeno ilielekea wapi

Hapa ndipo kanuni iliyoandikwa na wazimamoto ilipokutana na madalali. Kanuni haikuuliza kwa nini unakata. Mti unaokuzuia kuona bandari na mti unaoweza kuichoma nyumba yako, mbele ya 10/50, ulikuwa mti mmoja. Malalamiko yakaanza kutoka vitongoji vya kaskazini mwa Sydney, Lane Cove na Pittwater vikiwa miongoni mwao, kwamba mikaratusi mikubwa ya miaka mingi inaangushwa ili kufungua mandhari ya maji, kupisha bwawa la kuogelea, au kusafisha kiwanja kabla ya kuomba kibali cha kujenga. Halmashauri zikapiga kelele, baadhi zikataka maeneo yao yaondolewe kwenye ramani.

Sidhani kwamba wakazi wa vitongoji hivyo ni waovu kuliko wa Winmalee. Kuangusha mkaratusi mkubwa mjini hugharimu maelfu ya dola. Kanuni ilitoa ruhusa tu. Haikumlazimisha mtu, wala haikumlipia. Sasa fikiria nani atatoa pesa hiyo. Mstaafu wa Blue Mountains mwenye nyumba ya mbao ukingoni mwa bonde anaihitaji kazi hiyo, na pengine hana pesa. Mpangaji hana haki ya kukata bila ridhaa ya mwenye nyumba. Mwenye nyumba karibu na bandari hupata pesa yake yote na zaidi siku atakapouza. Ukitoa ruhusa ya jumla bila kuangalia nani anafaidika na nini, itatumiwa zaidi na yule ambaye faida yake ni ya pembeni. Hili lingeweza kukisiwa na mtu yeyote aliyewahi kukaa kwenye kikao cha halmashauri.

Kosa la pili ndilo lililonikera zaidi niliposoma kisa hiki, na ndilo linalozungumzwa kidogo. Kanuni haikudai taarifa. Ulifungua tovuti ya RFS, ukaandika anwani yako, ukaambiwa umo au humo, ukamwita fundi. Hakuna daftari lililosema mti gani ulikatwa, wapi, ulikuwa na ukubwa gani, ulikuwa umbali gani kutoka ukutani. Halmashauri zikabaki kutegemea simu za majirani waliokasirika na kutazama mashina yaliyobaki.

Matokeo yake mjadala wote ukaendeshwa gizani. Wapinzani walisema maelfu ya miti inaangamia. Serikali haikuwa na hesabu ya kuwajibu. Serikali ilisema watu wengi wanaitumia kwa nia njema. Haikuwa na ushahidi wa kuonyesha. Na jambo baya kuliko hayo yote: moto mkubwa uliofuata ulipokuja, ungekuwa jaribio la asili lenye thamani isiyo kifani. Nyumba zilizotumia 10/50 upande huu, ambazo hazikutumia upande ule, mtaa mmoja, moto mmoja. Gibbons na wenzake walilazimika kutumia picha za angani kukisia hali ya miti kabla ya moto. Jimbo lingeweza kuwa na rekodi hiyo kwa gharama ya ukurasa mmoja wa tovuti: anwani, picha mbili, umbali uliopimwa, tarehe. Bila kusubiri kibali, bila kumnyima mtu haki yake. Taarifa na kibali ni mambo mawili, na wabunge waliokuwa na hasira na urasimu wa halmashauri waliyatupa yote mawili pamoja.

Kurudi nyuma kwa hatua

Serikali, sasa chini ya Mike Baird huku Stuart Ayres akiwa waziri wa dharura, ilianzisha mapitio kabla mwaka haujaisha. Mwishoni mwa Novemba 2014 zile mita 350 zikashushwa hadi 150. Mwaka 2015, baada ya mapitio kukamilika, zikashushwa tena: mita 100 kutoka uoto wa hatari kubwa, na mita 30 kutoka uoto wa hatari ndogo. Yaani walirudi palepale takwimu za Chen na McAneney zilipokuwa zimewangoja tangu 2004. Maeneo yenye uoto adimu, kama misitu ya mvua ya pwani na ardhi oevu za pwani, nayo yakawekewa ulinzi.

Mita 10 na mita 50 zenyewe hazikuguswa. Naona hilo lilikuwa sahihi, ingawa kuna mambo mawili ambayo ningependa yangeshughulikiwa. La kwanza ni aina ya mti. Mkaratusi wenye gome la nyuzinyuzi na mti wa majani mapana yenye maji mengi si hatari sawa, lakini sentimita 30 za mzunguko hazitofautishi. Wapo watakaosema mwenye nyumba hawezi kutambua miti, na ni kweli, ila huwa anaajiri fundi anayeitambua. La pili ni mteremko. Penye mteremko wa zaidi ya nyuzi 18 kanuni iliweka masharti ya ziada, kwa hofu ya mmomonyoko na maporomoko ya ardhi. Hofu hiyo ni ya haki, mizizi ndiyo inayoshika udongo. Lakini hapo ndipo moto hupanda kwa kasi kuliko kote, na ndipo nyumba za Winmalee zilipo. Kanuni ikawa laini kwenye tambarare za vitongoji vyenye hatari ndogo, na ngumu ukingoni mwa bonde. Sioni jibu jepesi hapa zaidi ya kuijenga nyumba yenyewe iwe ngumu kuungua, jambo ambalo Australia ina viwango vyake, ila vinazigusa nyumba mpya na zinazofanyiwa ukarabati mkubwa. Nyumba nyingi za Blue Mountains zilijengwa kabla yake.

Kisha ukaja msimu wa 2019 na 2020. Karibu hekta milioni 5.5 za New South Wales ziliungua, na zaidi ya nyumba 2,400. Moto mmoja tu, wa Gospers Mountain, ulioanzishwa na radi mwishoni mwa Oktoba 2019, ulikula zaidi ya hekta 500,000. Jimbo likaunda uchunguzi chini ya Dave Owens na Mary O'Kane, na sheria ikarekebishwa tena. Tarehe 11 Septemba 2021 ikaanza kutumika kanuni nyingine, ya mipaka ya mashamba: mwenye ardhi katika maeneo ya vijijini yaliyotajwa anaweza kuondoa uoto, miti ikiwemo, hadi mita 25 ndani ya mpaka wake.

Piga hesabu kidogo. Nyumba ya mita 10 kwa 15, ukiizungushia mita 10 kila upande, inapata eneo la takribani mita za mraba 800. Mashamba mawili yanayopakana, kila moja likisafisha mita 25 upande wake, yanapata ukanda wa mita 50. Kilomita moja ya uzio ni hekta 5. Kilomita hiyo moja ni sawa na duara za 10/50 za nyumba zaidi ya 60. Na mahali hapo hakuna ukuta wa nyumba wa kuanzia kupima. Kuna uzio, ambao unaweza kuwa kilomita kadhaa kutoka kwenye nyumba yoyote, mahali ambapo utafiti wa nyumba 499 haukusema lolote.

Ukanda huo unaweza kuwa na faida yake. Gari la zimamoto linapita, uzio wa mkulima unapona, moto wa nyasi unaweza kuzuiwa siku ya upepo mdogo. Siku ya upepo kama ule wa Springwood, cheche zinazoruka kilomita hazisimamishwi na mita 50. Wanaoutetea wangefanya vizuri kueleza ni moto wa aina gani wanaoukusudia, na ukanda gani umetumika kuuzuia tangu 2021. Kwa swali hilo la pili, tena, jibu lingehitaji daftari.